Maswali yenu: Melina, mwanasesere na kura ya madiwani

Wiki iliyopita, nikizungumzia kazi ya prodyuza wa sanaa huko Ugiriki, nilimgusia Melina Mercouri, mwigizaji wa Ugiriki aliyekuja kuwa waziri, na tangu hapo simu haijapumzika. Haya, tuyajibu machache.

Huyo mama alikuwa msanii au mwanasiasa? Mbona unatuchanganya? (Msomaji, Tanga)

Vyote viwili, na siasa ndiyo iliyomfuata jukwaani. Wanajeshi walipopindua serikali tarehe 21 Aprili 1967, yeye alikuwa New York akiigiza Broadway. Akaanza kuwasema hadharani, nao wakamvua uraia. Akajibu kwamba amezaliwa Mgiriki na atakufa Mgiriki, ila Bwana Pattakos, waziri wa mambo ya ndani, amezaliwa fashisti na atakufa fashisti. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1974 alirudi nyumbani, 1977 akawa mbunge, na 1981 waziri wa utamaduni. Ule mpango wa kuteua mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya ni wazo lake. Athens ilifungua dimba mwaka 1985.

Prodyuza wa sanaa huko Ugiriki ni kama hawa wetu wa studio? (Msomaji, Mwanza)

Huyu hapigi biti, ndugu yangu. Anatafuta fedha, anaandika barua za vibali, anakodi basi, kisha onyesho likizomewa yeye ndiye anayeulizwa.

Chukua mfano wa Amal, mwanasesere wa mita 3.5 aliyetengenezwa na Handspring, kikundi cha Cape Town. Ni binti mkimbizi wa Syria, mwenye miaka tisa, anayemtafuta mama yake. Mwaka 2021 alitembezwa kutoka Gaziantep, Uturuki, hadi Manchester, safari ya kilomita 8,000 hivi. Ndani yake yumo mtu juu ya mironjo, yaani miguu mirefu ya miti, anavuta nyuzi ili macho na mdomo vicheze. Wenzake wako nje, kila mmoja anachezesha mkono mmoja wa Amal kwa fimbo. Ukimwona akiinama kumtazama mtoto, unasahau zile fimbo.

Alipokaribia Meteora, huko Ugiriki, kwenye monasteri zilizojengwa juu ya majabali, madiwani wa eneo hilo walipiga kura asipite: mwanasesere Mwislamu, mahali patakatifu pa Waorthodoksi! Katika mji wa Larissa alipita, akapigwa mawe. Sasa jiweke kwenye viatu vya prodyuza. Njia imefungwa, kundi zima liko barabarani, na kuna watoto wa mji mwingine wameshaambiwa mgeni anakuja.

Haki za binadamu zinaingiaje hapo? Si mchezo wa kuigiza tu? (Msomaji, Nakuru)

Ungekuwa mchezo tu, madiwani wasingepiga kura.

Na vyombo vya habari? (Msomaji, Bujumbura)

Hapo kuna kisa cha ERT, shirika la utangazaji la umma la Ugiriki. Jioni ya tarehe 11 Juni 2013 serikali ilitangaza kulifunga, na kabla usiku haujaisha skrini zilikuwa nyeusi. Watu wapatao 2,600 wakakosa kazi kwa tangazo moja. Kisingizio kilikuwa ubadhirifu, na sisemi haukuwepo. Lakini ERT ilikuwa pia na orkestra na kwaya yake, nao wakapiga muziki wa kuaga huku baadhi yao wakilia vyombo mkononi. Wafanyakazi waligoma kutoka, wakaendelea kurusha matangazo kwa intaneti mpaka polisi walipowatoa Novemba. ERT ilirudi hewani tarehe 11 Juni 2015, miaka miwili kamili. Mimi naamini tarehe hiyo ilichaguliwa makusudi.

Nina diploma ya uhasibu. Naweza kuingia kwenye kazi hii ya uprodyuza? (Msomaji, Dodoma)

Wewe ndiye anayetafutwa! Wenye vipaji wamejaa; wa kutunza risiti za ziara ya miezi mitatu hawaonekani. Anza na kikundi cha ngoma mtaani kwako, waombe daftari lao la matumizi. Kama hawana, kazi umeshapata.