Una ulemavu na unaingia chuo? Andika barua mapema

Nina uoni hafifu tangu kuzaliwa. Sekondari sikuwahi kuomba chochote. Shule ilipeleka taarifa zangu, mtihani wa kidato cha nne ukaja kwa maandishi makubwa, nikaongezewa dakika 10 kwa kila saa, na dakika 20 kwenye Hisabati. Huo ndio utaratibu wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu. Nikaamini chuoni nako watakuwa na taarifa zangu.

Hawakuwa nazo. Kwenye test ya kwanza nilipewa karatasi ileile ya wenzangu, maandishi madogo yaliyobanana mbele na nyuma. Nikatoa lenzi yangu ya kukuzia, nikainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza, nikawa nasoma neno mojamoja. Msimamizi akaja, akauliza hicho ni nini, akaondoka nacho kwenda kukikagua. Kiliporudi, wenzangu walikuwa wameshafungua ukurasa wa pili. Muda ulipoisha nilikuwa swali la tatu kati ya matano. Yale mawili yaliyobaki nilikuwa nimeyasoma usiku uliopita. Nililia njia nzima mpaka hosteli.

Aliyenisaidia ni kaka mmoja wa mwaka wa tatu, asiyeona kabisa. Aliniuliza swali moja: "Mdogo wangu, umemwandikia nani?" Sikuwa nimemwandikia mtu. Nilikuwa nimewadokeza wahadhiri wawili mlangoni, wakiwa wanawahi kipindi kingine. Akaniambia maneno ya mlangoni hayaingii kwenye faili.

Kwa hiyo anza na karatasi ya daktari. Kama uliomba mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na ukajaza sehemu ya ulemavu, tayari unayo fomu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Usiiache ipotelee kwenye maombi ya bumu, yaani huo mkopo. Toa nakala kadhaa. Kama huna, nenda hospitali ya wilaya ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ukishaanza masomo hutapata siku ya kuzunguka.

Kisha barua. Iandike kwa Mshauri wa Wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara na kwa ofisa mitihani. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunaandika "naomba nisaidiwe kutokana na hali yangu", na anayesoma anakuonea huruma lakini hajui afanye nini. Taja vitu. Mimi niliomba karatasi ya mtihani ichapwe kwa ukubwa wa 18, niongezewe dakika 30 kwa mtihani wa saa 3, niruhusiwe kuingia na lenzi, na slaidi nizipate kabla ya kipindi. Mwishoni nikataja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 24 ya mkataba huo inazungumzia elimu, mpaka ya chuo. Itaje kwa heshima, lakini itaje.

Peleka masjala, na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa.

Mhadhiri mmoja aliniambia kuongeza muda ni upendeleo. Nilimjibu kwamba dakika 30 kwa saa 3 ni hesabu ileile ya NECTA, na kwa utaratibu huo ndio nilipata ufaulu ulionileta darasani kwake. Alikubali siku hiyohiyo.

Kama unatumia kiti mwendo, wahi kabla ratiba haijatoka, vipindi vyako vipangwe vyumba vya chini. Kama ni kiziwi, omba mkalimani wa lugha ya alama hata kabla ya kusajiliwa. Kumpata huchukua muda, na wiki za mwanzo za mihadhara hazirudi.

Wiki mbili kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, rudi kwa ofisa mitihani, hata kama barua ilishajibiwa. Mimi nakala yenye muhuri huwa naingia nayo. Muhula uliopita msimamizi nisiyemfahamu alisimama kwenye meza yangu, wenzangu wote wameshatoka, akanionyesha saa yake. Nikampa barua. Akaisoma, akairudisha taratibu, akaenda kukaa. Nikaendelea na swali la tano.