Kabla ya Kubariki Nyumba ya Hifadhi, Bisha Hodi

Uzinduzi wa kwanza wa nyumba ya hifadhi ya wakimbizi niliousimamia, hapa Philadelphia, uliniachia jambo ambalo mpaka leo halinitoki. Wageni walipita chumba hadi chumba pamoja na mpiga picha. Mmoja aliketi kitandani kwa watu akibonyeza godoro. Pembeni, mama mmoja aliyetoka Uvira, kule Kongo, alivuta upande wa kitenge chake akamfunika mwanawe uso. Sala zilisomwa, utepe ukakatwa, na katika nyumba nzima hakuna aliyebisha hodi. Mimi ndiye niliyekuwa nawatangulia, nikifungua milango.

Nyumba ya pili ilipopatikana, sinagogi la mtaa ule lilikuwa limechangia vitanda na jiko, basi nikamwomba rabi wao, mwanamke, aje aibariki. Nilidhani angeleta mezuza, kile kijikasha chenye ngozi iliyoandikwa kwa mkono maneno ya Kumbukumbu la Torati, ambacho Wayahudi hukipigilia kwenye mwimo wa mlango, upande wa kuume unapoingia. Akanieleza kwa upole kwamba mezuza si hirizi ya jengo. Ni wajibu wa anayekaa, hata kama nyumba ni ya kupanga, na nyumba hii wengi wa wakazi wake hawangekuwa Wayahudi. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimemuuliza mtu yeyote: wanaokaa humo wanasemaje? Wao watatukaribisha?

Tulikaa jioni moja tukafungua Kumbukumbu la Torati 24. Pale imeandikwa kwamba ukimkopesha mwenzako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Na kama ni maskini na rehani ni vazi lake, umrudishie jua likichwa apate kulala nalo. Mimi nimelelewa na Biblia, lakini sikuwahi kuiona hodi ndani ya sheria ya Musa. Mkopeshaji ana haki ya rehani yake, na bado kizingiti cha fukara kinamzuia. Sisi tuliotoa magodoro tulikuwa na haki gani ya kufungua milango?

Sisi wenye Kiswahili tuna mlango wa karibu wa kuingilia mafundisho haya, kwa sababu maneno tuliyopokea kwa Waarabu ni ndugu wa Kiebrania. Baraka yetu kwao ni *berakha*. Rehema kwao ni *rachamim*, na hilo limekaa jirani na *rechem*, tumbo la uzazi. Huruma inayotajwa hapo ni ya aliyebeba mimba, si ya anayetazama kwa mbali. Sadaka ni *tzedakah*, ila masikioni mwetu sadaka ni wema wa mtoaji, na kwao neno lile limebeba haki. Anayetoa anatimiza deni. Maimonides, mwanazuoni wa sheria ya Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alipanga ngazi nane za kutoa, na iliyo juu kabisa ni kumshika mkono anayeyumba kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi mpaka asihitaji kuomba. Anasema pia kwamba anayetoa kwa uso wa kununa amepoteza thawabu yake, hata akitoa vipande elfu vya dhahabu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayepanga siku kama hii, anza na wakazi. Waulize mapema, kila familia peke yake, kama wanataka wageni na wako radhi kupigwa picha. Anayekataa asiulizwe sababu. Usiweke shughuli Jumamosi wala Ijumaa jioni kama unawaalika Wayahudi, maana Sabato huingia jua linapozama Ijumaa. Chakula nacho kiulizie: Wayahudi wana masharti yao ya chakula, yaitwayo kosha, na Waislamu wa nyumba ile wana halali yao, sisi tuliandaa matunda na mkate, kila mtu akala.

La hotuba ningelisema kwa msisitizo. Siku ile ya kwanza msemaji mmoja aliahidi baiskeli kwa watoto wote. Kijana wa miaka sita aliniuliza habari ya baiskeli kila Jumatatu mpaka baridi ikaingia. Ibrahimu aliwaambia wale wageni watatu kwamba angewaletea kipande cha mkate, kisha akaleta ndama, siagi na maziwa. Marabi wamejifunza hapo kusema machache na kutenda mengi. Tafadhali, usimruhusu mtu aahidi mbele ya watoto kitu ambacho hakijafika mlangoni.

Wayahudi hawa hawafundishi wasichopitia. Mwaka 1889 wenzao wa New York walianzisha nyumba ya kuwalaza wahamiaji, wakaiita kwa Kiebrania jina lenye maana ya kukaribisha wageni. Baadaye iliungana na HIAS, shirika la Kiyahudi la kuwasaidia wahamiaji, na mwaka 1921 HIAS ikafungua makao katika iliyokuwa Maktaba ya Astor, mtaa wa Lafayette: mabweni, chakula cha kosha, mahali pa kusali. Leo jengo hilo ni ukumbi wa maigizo, na HIAS imewahudumia hata wakimbizi wa Kikongo kule Nairobi na Kampala.

Jumapili yetu ilipofika, tulisimama nje wote, pamoja na wachangiaji. Rabi alikuwa amejifunza neno moja la kwetu. Akalisema: "Hodi." Mama wa Uvira, ambaye sasa alihamia nyumba hii, akajibu kutoka ndani, "Karibuni, ingieni," akafungua mwenyewe. Rabi akampa mkate na chumvi, kama Wayahudi wengi wafanyavyo nyumba ikiwa mpya. Akasoma kwa Kiebrania baraka ya makuhani, maneno kumi na matano tu, na mama akaifuata kwa Kiswahili chake cha Biblia: "Bwana akubarikie, na kukulinda." Hatukupita vyumbani. Tulikula jikoni, tumebanana, watoto wakichovya mkate kwenye chumvi.

Mlango wa chumba cha tatu haukufunguliwa siku ile, na hakuna aliyegusa kitasa.