Afya ya umma si kimbilio la waliokosa udaktari

Mdogo wangu, umeuliza kama uchukue shahada ya afya ya umma Chuo Kikuu cha Maseno, maana nyumbani Kisumu wanakuambia ni kozi ya waliokosa udaktari. Hapana. Daktari humtibu aliyekwisha kuugua kipindupindu; wewe utafuatilia maji aliyokunywa, choo kilichofurika, na nani mwingine yumo hatarini kule mtaani Nyalenda. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Homa Bay mwaka 2019, kazi kubwa ilikuwa hiyo hiyo: kuwafikia watoto, kuhesabu dozi, kuzungumza na kina mama wenye wasiwasi.

Jiandae kwa takwimu na epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii. Wengi hukwama hapo, kwa hiyo anza kuzoea hesabu mapema.

Lakini kabla ya kujaza fomu, hakikisha kozi hiyo, katika chuo hicho, imeidhinishwa na baraza linalosajili maafisa wa afya ya umma. Tafadhali usilipuuze hili. Bila usajili hutaweza kufanya kazi ya afisa kihalali, na kaunti, ambazo ndizo huajiri wengi, zitakudai cheti cha usajili. Kisha, likizoni, omba kuandamana na wahudumu wa afya ya jamii mtaani kwenu.