Mtoto Akizuiliwa Ng'ambo: Fungua Shauri Kwanza, Kikao cha Wazee Kifuate

Ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno saba: "Sawa, basi amalize muhula huo huko kwanza." Nilimwandikia baba wa mwanangu usiku wa manane, nikiwa jikoni kwangu Reading, Uingereza, muda mfupi baada ya mama mkwe kunipigia kutoka Mombasa akinisihi nisivunje nyumba kwa haraka. Miezi minne baadaye niliyaona tena maneno yale. Safari hii yalikuwa yamechapishwa na kuambatishwa kwenye hati ya kiapo ya baba yake kama kielelezo, kuonyesha kwamba mama mtu aliridhia mtoto abaki Kenya.

Mwanangu alikuwa na miaka sita. Aliondoka Julai kwenda likizo ya wiki tano kwa bibi yake. Barua ya ruhusa niliisaini mimi, tiketi ya kurudi niliiona kwa macho yangu. Siku ya kurudi ilipofika niliambiwa mtoto ana homa, baadaye nikaambiwa tiketi inabadilishwa, kisha siku moja nikatumiwa picha yake amevaa sare ya shule mpya. Nilipokwenda polisi nilielezwa kwamba alitoka nchini kwa idhini yangu, kwa hiyo njia yangu ni mahakama ya familia. Nikarudi nyumbani nikafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: nikawapigia wazee. Shemeji akaahidi kuzungumza na kaka yake, mjomba akaomba nimpe wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi mitatu, na kila niliponyamaza kwa heshima, ukimya wangu ulikuwa ukihesabiwa upande wa pili.

Ndugu mzazi, kama umefika hapa kwa sababu mtoto wako hajarudi, jambo ninalotaka uondoke nalo ni hili. Kufungua shauri hakuwazuii wazee kukaa. Wazee wangu walikaa vizuri zaidi baada ya karatasi ya mahakama kuwapo mezani, kwa sababu sasa kila mtu alijua kwamba kuna tarehe. Kabla ya hapo kikao kilikuwa hakina mwisho. Na usiandike "sawa", hata kama unataka tu kupoza moto. Andika hivi: "Sijakubali mtoto abaki. Naomba arudishwe kama tulivyopatana. Niko tayari kuzungumza." Yaandike tena kila unapojibu.

Sasa niingie kwenye sheria yenyewe. Swali la kwanza ambalo wakili atakuuliza ni nchi mbili tu: mtoto alikuwa akiishi wapi, na sasa yuko wapi. Kama nchi zote mbili zimejiunga na Mkataba wa The Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 kuhusu utekaji wa watoto kimataifa, na mkataba huo unafanya kazi kati yao, una njia iliyonyooka kiasi. Unapeleka ombi kwenye ofisi ya serikali iliyoteuliwa kwa kazi hiyo, inayoitwa Mamlaka Kuu. Kwa England na Wales ofisi hiyo inajulikana kwa kifupi ICACU, Marekani ni Ofisi ya Masuala ya Watoto katika Wizara ya Mambo ya Nje, Ujerumani ni Bundesamt für Justiz mjini Bonn. Mahakama ya nchi alikopelekwa mtoto haiulizi nani mzazi bora. Inauliza kama mtoto aliondolewa au kuzuiliwa kinyume na haki za ulezi katika nchi aliyokuwa akiishi kwa kawaida. Ikiwa ndivyo, anarudishwa, na ugomvi wa ulezi unaamuliwa kule alikotoka. Mkataba unamhusu mtoto aliye chini ya miaka 16, na unazitaka mahakama ziende haraka: wiki sita zikipita bila uamuzi, unaweza kuomba maelezo ya kuchelewa.

Kuna mambo mawili ya mkataba huu ambayo watu huyajua wakiwa wamechelewa. Ukiomba baada ya mwaka mmoja kupita, mahakama inaweza kukataa kumrudisha mtoto aliyekwisha kuzoea maisha mapya. Na mzazi aliyemchukua anaruhusiwa kujitetea kwamba ulikubali mwanzoni au uliridhia baadaye. Hapo ndipo maneno kama yale yangu saba yanapomuumiza mtu.

Lakini mimi mkataba huo haukunifaa kitu. Hadi ninapoandika haya, Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe, Mauritius, Ushelisheli na Moroko zimo. Oman na Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na kuoana, hazimo. Na hata nchi ikijiunga, haitoshi, kwa sababu nchi nyingine lazima iwe imeukubali uanachama wake ndipo mkataba ufanye kazi kati yao. Orodha iko kwenye tovuti ya Mkutano wa The Hague, HCCH, itazame mwenyewe kabla hujalipa senti kwa mtu yeyote.

Niliposikia kwamba Kenya haimo nililia ofisini kwa wakili. Alinisubiri, kisha akasema, "Hiyo haimaanishi kwamba hakuna sheria." Alikuwa sahihi. Tuliomba Mahakama Kuu ya England, pale Strand jijini London, imweke mtoto chini ya ulinzi wa mahakama, kwa hoja kwamba makazi yake ya kawaida yalikuwa Reading. Mahakama ikaamuru arudishwe. Amri hiyo haitekelezwi Mombasa kwa kuionyesha tu, hilo lazima ulielewe mapema. Ni ushahidi mzito unaoupeleka mbele ya hakimu wa Kenya, naye anaamua kwa sheria yake. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inaweka maslahi bora ya mtoto mbele ya yote, na inawapa baba na mama wajibu sawa, wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto Na. 29 ya 2022 inafuata msingi huohuo. Kwa hiyo nilihitaji mawakili wawili, mmoja kila nchi, na nilihitaji wazungumze wao kwa wao. Usiwaache wafanye kazi kama watu wasiojuana. Shauri langu lilisikilizwa Tononoka, Mombasa, kwenye mahakama ya watoto, na afisa wa watoto akatumwa nyumbani kwa mama mkwe kuandika ripoti.

Kilichonisaidia mbele ya hakimu hakikuwa hasira yangu. Zilikuwa barua za shule ya Reading zenye mahudhurio yake, kadi za kliniki tangu kuzaliwa, tiketi ya kurudi ambayo haikutumika, na ujumbe wote wa simu kwa mpangilio wa tarehe. Wote, pamoja na ule mbaya. Wakili wangu wa Mombasa aliniambia tuutoe sisi wenyewe kwanza na kueleza uliandikwa saa ngapi na baada ya simu ya nani. Cheti cha kuzaliwa na amri ya London vilibidi vithibitishwe rasmi kabla ya kupokelewa, na shughuli hiyo ilikula wiki tatu ambazo ningeziokoa kama ningeianza siku ya kwanza.

Mwishoni tulipatana. Shangazi wa baba yake, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekaa katikati, na makubaliano yakasajiliwa Mombasa na amri inayofanana nayo ikatolewa London, ili kila mmoja wetu abanwe pande zote mbili. Mtoto anaishi nami, na likizo ndefu huenda kwa baba yake. Ilichukua miezi kumi na minne.

Wanaoniandikia kutoka Tanzania huniuliza waanzie wapi. Bara, maombi ya ulezi hupelekwa Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, na kama kuna talaka, Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inahusika. Sheria hiyo ya ndoa ina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama, ila ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, akina baba wasikate tamaa. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake ya 2011. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na kama huna fedha ya wakili jaribu TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Kenya kuna FIDA, shirikisho la mawakili wanawake, na Kituo cha Sheria. Namba 116 ya watoto hupigwa bure katika nchi zote mbili. Kwa aliye Uingereza, shirika la Reunite la Leicester lina washauri wa simu na wapatanishi waliobobea katika mambo haya haya. Na kama mtoto wako ameletwa England kutoka nchi ya mkataba, kwa mfano Afrika Kusini, mwombaji hupewa wakili anayelipwa na serikali bila kuulizwa kipato chake. Anayetoka Kenya au Tanzania hana haki hiyo moja kwa moja, na mahakama huko itatazama ustawi wa mtoto huyo mmoja mmoja.

Kama mtoto bado hajaondoka lakini roho haijatulia, ondoka kwenye simu sasa hivi umwone wakili. Uingereza mahakama inaweza kukataza safari na kuagiza pasipoti ikabidhiwe, na polisi wanaweza kuweka tahadhari bandarini na viwanja vya ndege kwa siku 28 ikiwa hatari ni ya saa 24 hadi 48 zijazo. Marekani mtoto wa chini ya miaka 16 huhitaji idhini ya wazazi wote kupata pasipoti, na kuna mpango wa kukuarifu ombi likiwasilishwa, unajiandikisha kwenye ile Ofisi ya Masuala ya Watoto niliyoitaja. Ila kumbuka pasipoti ya pili. Mtoto wetu alikuwa na ya Kenya pia, na kuishikilia moja ukaiacha nyingine ni sawa na kufunga mlango mmoja wa nyumba yenye miwili.

Nina neno kwa mama, au baba, anayesoma haya kwa sababu yeye ndiye anayetaka kuondoka na mtoto, kwa kuwa nyumbani anapigwa. Sikuhukumu. Mkataba wenyewe unaitambua hatari kubwa kwa mtoto kuwa sababu ya kutomrudisha. Lakini kuithibitisha ukiwa umeshavuka mpaka ni kazi nzito. Ripoti ya polisi, ya daktari, na ombi la kuhama lililopelekwa mahakamani kabla ya safari vitakulinda kuliko ndege ya usiku.

Kuhusu simu za mtoto. Afisa wa watoto alipomuuliza mwanangu kama anapenda kuzungumza nami, alijibu, "Mama analia, halafu ananiuliza ninarudi lini." Nilisoma sentensi hiyo kwenye ripoti na nikaacha siku ileile. Tangu hapo, kila siku saa moja jioni ya Mombasa, nilimsomea kitabu cha hadithi, kurasa nne nne, na yeye alikuwa na nakala yake niliyomtumia kwa posta ili afuatishe kwa kidole. Baba yake hakuwahi kuzikata simu zile. Shangazi yule mwalimu aliniambia baadaye kwamba wakati mwingine alikuwa akikaa mlangoni akisikiliza.