Mzee ana Parkinson, mkojo unamsumbua na sasa anasahau

Pole sana dada, kuuguza mzazi si mchezo. Umesema mzee ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, usiku mkojo haumpi usingizi, na tangu aanzishiwe oxybutynin anasahau na kuchanganya mambo, basi mi ningeanzia kwenye hiyo dawa, maana inatuliza kibofu kweli ila inafika hadi kwenye ubongo na kuzuia kemikali inayosaidia kumbukumbu, ambayo kwa wagonjwa wengi wa Parkinson tayari imepungua. Usiikatishe mwenyewe, rudi kwa daktari umuulize kama mirabegron, dawa nyingine ya kibofu, inamfaa, hiyo inafanya kazi kivingine. Lakini kama kuchanganyikiwa kumekuja ghafla, mpeleke leo leo apimwe mkojo, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa wazee inavuruga akili hata bila homa. Maji mchana msimnyime, mpunguzieni jioni tu.