Zawadi kwa Mwalimu Aliyegeuka Rafiki

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Niko Gongoni, Tabora. Mwalimu aliyenisimamia tasnifu ya uzamili miaka 9 iliyopita sasa ni rafiki yangu, tunatembeleana Idi na misiba. Nataka kumpelekea dumu la asali, lita 20, kwa shukrani. Mdogo wangu anasoma kwenye idara yake, na mwalimu huyo ndiye anayemsimamia tasnifu. Je, kuna ubaya?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Umepatia kutaka kushukuru. Katika Hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi, asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini dumu lisubiri.

Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema: hiki chenu, hiki nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) akauliza mbona hakukaa nyumbani kwa baba au mama yake aone kama angeletewa zawadi (Bukhari na Muslim). Utasema asali yako ingekwenda hata mwalimu asingekuwa na kalamu ya alama, nami nakuamini. Mafaqihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walimruhusu kadhi kupokea zawadi ya mtu waliyezoea kupeana tangu kabla ya ukadhi, ila wakazuia pale mtu huyo anapokuwa na kesi mbele yake. Tasnifu ya mdogo wako ndiyo kesi. Akifaulu, watasema ni asali; akifeli, moyo wako utamnung'unikia rafiki yako. Ngoja matokeo rasmi, si siku ya kutetea tasnifu, kwa kuwa marekebisho baada ya hapo bado yanapita mkononi mwake. Kumpitishia mkewe ni yale yale. Asali safi, ikifungwa vizuri, haiozi.

Shukrani ya mdomo haingoji. Mwambie "Jazakallahu khayran", Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Kwa Tirmidhi imekuja kwamba asemaye hivyo amefikia upeo wa kushukuru. Taja jambo lenyewe: sura aliyokurudishia mara tatu, jioni alizokaa na rasimu yako. Usimpambe mbele za watu, maana Mtume alimwambia aliyezidisha sifa kuwa amemkata shingo mwenzake, sema "namdhania hivi, na Allah ndiye amjuaye." Akiwa hayupo muombee: malaika huitikia "Amin, nawe upate mfano wake" (Muslim). Hii naiona bora kuliko lita 20.

Na kama bado una kitabu chake ulichoazima tangu enzi za tasnifu, kipeleke wiki hii. Hiyo ni amana, haihusiani na mtihani wa mtu.

Wallahu aalam.