Usinunue miche kabla hujaangalia visiki

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kahama ameniandikia: "Kaka, nina ekari tano za marehemu baba, zimebaki vumbi tupu. Ninunue miche mingapi?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kujiuliza, na jibu lake lilinila laki sita.

Shamba letu liko Kishapu, ekari saba. Enzi za babu lilikuwa ngitili: linafungwa mvua zikianza, linafunguliwa kiangazi kikikolea ili ndama na maksai wapate nyasi. Mkoa wetu wa Shinyanga ulichakazwa kwa awamu. Wakoloni walifyeka pori kufukuza mbung'o, pamba ikala lililobaki, kisha Vijiji vya Ujamaa vikawahamisha watu na ngitili zikakosa mwenyewe, hadi Mwalimu Nyerere akatuita jangwa la Tanzania. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) wa kurudisha uoto ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zimebaki hekta mia sita hivi za ngitili; baadaye zikapita 300,000, na za baba zikiwemo. Alipofariki, sisi watoto tukiwa mjini, ngitili yake ikaishia kwenye magunia ya mkaa. Miaka minne tu! Waliokata nawajua. Tunakutana misibani na kupeana mikono.

Nikarudi na kiburi cha mtu wa mshahara. Nikanunua miche 600 ya mikaratusi na milusina, nikakodi trekta "kusafisha" shamba. (Hata HASHI walianza na vitalu vya miche kabla ya kukubali kwamba wafugaji walikuwa wanajua zaidi, kwa hiyo ujinga wangu ulikuwa na wenzake.) Kufika Septemba ilibaki miche kumi na moja. Niliihesabu mara mbili.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja mchunga mbuzi. Alinipeleka kwenye kona ambayo trekta haikufika, akakipiga teke kichaka cha kimo cha goti. "Huu mgunga umekuzidi umri. Mbuzi wanaula kila mwaka, nao unarudi." Nikafukua kidogo kwa panga: chini kuna kisiki kinene kama paja, na juu yake machipukizi kumi na nane yamebanana, yanagombania maji ya mzizi mmoja. Tukabakiza mawili yaliyonyooka, mengine tukayakata. Yale mawili tukayapogoa matawi ya chini, tukayafunga kitambaa chekundu ili mchungaji ajue yana mwenyewe. Ndiyo hiyo wanayoiita kisiki hai. Gharama yake ni panga na kanga iliyochakaa. Nilikaa chini pale pale nikawaza visiki vingapi nilivyong'oa kwa trekta, tena kwa pesa yangu.

Miaka iliyofuata haina hadithi. Nyasi zilirudi zenyewe, ndege wakaleta mbegu zao, mgunga ule sasa umenipita kimo.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kahama: tafuta visiki kwanza. Usilete trekta, usichome moto, na ulinde. Ukishalinda, linda tena. Senyenge yangu iliibwa ndani ya mwezi mmoja. Kilichofaa ni kikao cha mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu, faini ikaandikwa, kila mtu akasikia. Wa kwanza kuilipa akawa baba yangu mdogo. Ng'ombe wake tisa walilala ndani usiku kucha. Watu walinisihi nimsamehe, nikakataa, naye akaacha kuitikia salamu yangu miezi minne. Ukimwachia ndugu mmoja, kesho utakuwa na ndugu kijiji kizima. Tatizo letu sisi tuliosoma ni kupenda miti ya siku moja: kofia kichwani, picha, mche ardhini, tunapanda gari. Nani anarudi kuumwagilia? Nani anajua jina lake? Kulinda hakuna picha nzuri, ndiyo maana hatulindi.

Agosti hii nimefungua ngitili kwa mara ya kwanza. Asubuhi nilimkuta baba mdogo amesimama mpakani na maksai wawili, hajaingia.

"Mwangaluka, baba," nikasema.

"Mwangaluka, mwanangu." Akaangalia nyasi, akaniangalia. "Nimeleta wawili tu."